Pumzi ya seli iliyong'olewa

Alhamisi moja mwezi wa pili, saa mbili usiku, nilibaki maabarani peke yangu nikikodolea macho mstari wa bluu kwenye skrini.

Ndani ya chumba kidogo cha kioo, sumaku ilikuwa inazunguka kwenye mililita mbili za maji ya lishe, na humo ndimo zilimoelea seli zangu. Chumba kile hufungwa, hewa haiingii, kwa hiyo oksijeni yoyote inayopungua imeliwa na seli. Zikipumua kwa nguvu mstari huporomoka. Zikipumua kidogo huteremka polepole kama maji yanayokupwa.

Usiku ule uliteremka polepole mno.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimepima ndugu zao wa chupa moja kwa mashine nyingine, ile ya sahani yenye visima 96, ambamo seli hulala chini zimetandaa na vihisi vikashuka juu yake. Kule, nilipogawanya kwa idadi ya seli, kila moja ilikuwa inatumia oksijeni nyingi zaidi, kwa kiasi ambacho mkono kuteleza kwenye pipeti hauwezi kukieleza. Seli zilezile, joto lilelile la nyuzi 37, glukosi ileile. Pumzi mbili.

Nilizima mashine nikapanda basi na swali hilo. Nimekaa nalo wiki saba.

Nililaumu mikono yangu kwanza

Ukiotesha seli kwa miaka kadhaa unajifunza kwamba namba mbili zikikataa kupatana, mara nyingi tatizo liko kwenye kuhesabu. Kwa chumba cha kioo nahesabu seli kwa hadubini kabla ya kuzimimina. Kwa sahani nahesabu mwishoni, kwa kupaka viini rangi na kuvipiga picha. Njia mbili, na kila moja ina makosa yake. Nilirudia kuhesabu, kisha nikaacha kuhesabu kabisa nikapima jumla ya protini, ili nisitegemee macho.

Pengo lilipungua kidogo. Halikufungika.

Nikashuku kwamba nyingi zilikufa njiani. Rangi ya bluu inayoingia kwenye seli zilizokufa tu ikanijibu: karibu zote zilikuwa hai.

Ndipo nikafanya jambo lililonikosesha usingizi. Nilidondosha FCCP, dawa inayovujisha chaji ya utando wa mitokondria, zile injini za seli, hadi zinalazimika kuunguza chakula kwa kasi yake ya mwisho. Mstari uliporomoka kama jiwe kisimani. Injini zilikuwa nzima na nguvu zilikuwepo. Ila kabla ya dawa hakuna aliyekuwa akizidai kazi.

Niliandika pembeni mwa daftari: *hazishindwi kupumua, hazina sababu ya kupumua*. Sikujua nimeandika nini.

"Ulizing'oa kwanza?"

Katika jengo letu kuna kaka mmoja wa Bukavu anayetafiti misuli. Sisi wawili ndio wenye Kiswahili, chake na changu vikikutana njiani. Wakati wa chai nilimwonyesha grafu zote mbili. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Dada, hizi za huku zilikuwa zinalala ao zinaelea?"

"Zinaelea. Mashine ile haipimi zikiwa chini."

"Kwa hiyo ulizing'oa kwanza, ndiyo ukazipima."

Hakuongeza neno. Akamalizia chai yake.

Nilikuwa nimeandika "tripsini, dakika 15" mara mamia bila kusoma nilichoandika. Seli zangu ni za aina ya MCF-10A, seli za titi la binadamu zisizo za saratani, na zinajulikana kwa kung'ang'ania sakafu. Nyingine huachia kwa dakika tatu. Hizi unazisubiri robo saa. Tripsini ni kimeng'enya cha kusaga protini, kilekile kinachofanya kazi utumboni tukila nyama, na sisi tunakitumia kukata kila kinachoshika. Kabla yake tunaondoa kalisi, kwa kuwa mikono ya seli hulegea madini hayo yakikosekana. Halafu kwenye ripoti tunaandika "seli zilivunwa". Neno hilo tulivu linafunika robo saa nzima ya kukatwa.

Kushika na kushikwa

Kiswahili kimenisaidia hapa kuliko lugha ninayoandikia tasnifu. Stika imenata. Nzi amenaswa. Mtoto ameshika kanga ya mama yake sokoni. Seli ya titi kwenye sahani iko upande wa mtoto: inashika, na inapata habari kwamba imeshika.

Habari hizo hupita kwenye integrini, protini zinazopenya utando wa seli. Kichwa kiko nje kikishika nyuzi za protini kama fibronektini, mkia uko ndani umefungwa kwenye kiunzi cha seli. Jina hilo lilitoka kwenye maabara ya Richard Hynes mwaka 1986. Mkia ukivutwa, amri husafiri kwa njia zilezile zinazotumiwa na vichocheo vya ukuaji: vuta glukosi, jenga, gawanyika. Na tangu mwaka 1968, Michael Stoker na wenzake walipoeleza kwamba seli za kawaida zinahitaji nanga ili zigawanyike, jambo hili limo vitabuni.

Nilikuwa nalijua. Niliwahi kulijibu kwenye mtihani.

Lakini nililiweka kwenye kabati la ukuaji, na pumzi nikaifungia kabati jingine. Ndiyo maana nilirudi kusoma tena jaribio la mwaka 1997 la Christopher Chen, George Whitesides, Donald Ingber na wenzao, jaribio ninalolipenda kuliko mengi. Walichapa visiwa vidogo vya protini ya kushikwa juu ya sahani, wakaweka seli za kuta za mishipa midogo ya damu. Kwenye kisiwa kikubwa seli ilitandaa, ikaishi. Kwenye kisiwa kidogo ilijikunyata, ikafa. Hadi hapo mtu angesema aliyeshika kingi ndiye aliyepona. Basi wakakivunja kisiwa kikubwa kuwa madoa mengi yaliyoachana, ili seli iweze kujinyoosha kutoka doa hadi doa huku eneo inalogusa likibaki dogo.

Iliishi.

Kugusa peke yake hakukutosha. Kutandaa ndiko kulikoamua. Niliposoma hapo nikazikumbuka zangu kwenye chumba cha kioo, zote zimekuwa duara kama punje za ulezi.

Mkono ukiachia

Mwaka 1994 Steven Frisch na Hunter Francis walieleza kifo kinachozipata seli za tabaka za mwili zikikosa pa kushika, wakakipa jina la Kigiriki: anoikis, hali ya kukosa nyumba. Kwetu ningekiita kufa kwa kukosa kwao. Kifo hicho huchukua saa nyingi, na mimi nilikuwa napima saa ya kwanza, wakati zote zingali hai. Kilichonihusu ni kinachotangulia.

Mwaka 2009 Zachary Schafer, akiwa kwenye maabara ya Joan Brugge huko Harvard, pamoja na wenzake, walitoa makala iliyotumia seli zilezile ninazotumia mimi. Zikinyimwa pa kushika, zilivuta glukosi kidogo, ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ikashuka, na molekuli haribifu za oksijeni zikaongezeka. Glukosi ilikuwepo tele kwenye maji. Kilichokatika ni amri ya kuivuta. Walipozitia jeni la saratani liitwalo ErbB2, amri ikarudi na glukosi ikaingia, ingawa seli bado zilikuwa zinaelea. Mwaka 2011 maabara hiyohiyo ikaonyesha jambo jingine: seli ikiachana na sakafu yake, kimeng'enya PDK4 huongezeka na kufunga mlango ambao mabaki ya glukosi hupitia kuingia kwenye mitokondria.

Mlango umefungwa, injini nzima.

Nilirudi kwenye pembe ya daftari langu nikasoma sentensi ile ya usiku wa Alhamisi. Nilisimama nikazunguka meza mara mbili. Kama kuna saa ambayo kazi hii inalipa, ni hiyo.

Furaha ilidumu hadi kesho yake. "Na msukosuko wa ile sumaku?" akauliza kaka wa Bukavu. "Zimezungushwa saa nzima, dada. Utajuaje ni kung'olewa ao ni kuzungushwa?"

Sikujua.

Gundi ya kome

Nilihitaji seli ambazo hazishiki kitu na hazizungushwi. Jibu lilikuwa kwenye jokofu letu, kwenye kichupa kidogo cha gundi inayotengenezwa kwa protini za kome wa bluu, wale wanaojibandika kwenye miamba hata wimbi lisiwatoe. Wanaopima seli za damu kwenye sahani huitumia kuzibandika chini, kwa sababu seli hizo kwa asili yake huelea. Nimekua Tanga nikikatwa nyayo na chaza kwenye mizizi ya mikoko, na gundi hiyo niliielewa kwa miguu kabla ya kuielewa kwa kemia.

Ubora wake kwangu ulikuwa huu: gundi hiyo inaikamata seli, lakini integrini hazina cha kushika. Seli imenaswa. Haijashika.

Niling'oa seli kwa tripsini kama kawaida. Nusu nikazibandika kwa gundi, nusu nikaziweka kwenye visima vilivyopakwa fibronektini. Zote sahani moja, zote zimetulia, bila sumaku. Nikapima baada ya saa moja, baada ya saa nne, na asubuhi yake.

Baada ya saa moja makundi yote mawili yalikuwa yanapumua kidogo. Baada ya saa nne, zile za fibronektini zilikuwa zimetandaa na pumzi yake imepanda. Zile za gundi zilikuwa bado duara, bado chini. Asubuhi nazo zilikuwa zimeanza kupanda, na hadubini ilionyesha sababu: zilikuwa zimeanza kujinyoosha. Seli hutoa nyuzi zake zenyewe, huzitandika, kisha huzishika. Usiku ule zilijitengenezea pa kushika juu ya gundi ya kome.

Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri zaidi ya hapo kwenye kisima cha milimita chache.

Jambo moja lilinirudisha nyuma. Zile za fibronektini nazo zilianza chini, ingawa zilikuwa na pa kushika tangu mwanzo. Yaani tripsini yenyewe, kukatwa kwenyewe, kuna gharama ambayo seli huilipa kwa saa kadhaa kabla ya kurudi hali yake. Kung'olewa na kukosa pa kushika vimeshikana kwenye jaribio langu, na gundi imevitenganisha kwa sehemu tu.

Na sahani je?

Hapo nilikuwa nimeanza kuiamini sahani kama mahali pa ukweli. Niliandika hata aya nzima kwenye tasnifu nikiita vipimo vya sahani "hali halisi". Nimeifuta.

Sababu ya kwanza ni plastiki. Sakafu ya sahani ni ngumu zaidi ya mara milioni kuliko tishu laini kama ya titi. Mwaka 2020 kundi la Gaudenz Danuser lilionyesha, kwa seli za mirija ya mapafu, kwamba ugumu wenyewe ni amri. Kwenye sakafu ngumu, kiunzi cha seli hukaza kamba zake na kuifunga protini TRIM21 kwenye kamba hizo. Sakafu ikiwa laini kamba hulegea, TRIM21 huachiwa, na huenda kukitia alama kimojawapo cha vimeng'enya vikuu vya kuvunja glukosi ili kisagwe. Seli ileile, chakula kilekile; imebadilishwa sakafu tu. Kwa hiyo seli zangu zilizotandaa kwa raha kwenye plastiki zilikuwa zimekazwa kuliko zilivyowahi kukazwa ndani ya mwili wa mtu.

Sababu ya pili ni kina cha maji, na hii ilinishtua zaidi kwa sababu ilihitaji kalamu tu.

Oksijeni huyeyuka majini shingo upande. Kwenye nyuzi 37, lita ya maji ya lishe hubeba takriban mikromoli 200 (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli), wakati glukosi kwenye lishe yangu ni milimoli 17.5, yaani mikromoli 17,500, zaidi ya mara themanini. Seli iliyolala chini haiwezi kuifuata oksijeni. Inaisubiri ishuke yenyewe. Nikachukua mfano wa seli laki moja kwa sentimita ya mraba, maji ya kina cha milimita 3 yaliyotulia, na kila seli ikitumia atomoli 50 kwa sekunde. Atomoli ni moli iliyogawanywa kwa bilioni, kisha kwa bilioni tena. Kiasi hicho hakijapita mipaka: makala ya mapitio ya mwaka 2011 iliyokusanya vipimo vya seli za kila aina ilitaja kuanzia chini ya atomoli 1 hadi zaidi ya 350.

Hesabu ikatoka: sakafuni oksijeni imepungua kwa mikromoli 55 hivi, zaidi ya robo. Zikawa seli laki mbili, zaidi ya nusu imeliwa kabla ya kufika chini.

Zinazoelea na kuzungushwa zina oksijeni pande zote, ila hazina pa kushika. Zilizoshika zina amri ya kupumua, ila hewa inazifikia kwa foleni. Tangu hapo nimepunguza maji kwenye chupa zangu, na siku ya kupima naandika kina chake.

Zinazong'oka zenyewe

Ningeweza kuyaacha haya kama mambo ya fundi na vyombo vyake. Kilichonizuia ni kwamba mwilini kuna seli zinazong'oka bila tripsini.

Saratani ikisambaa, seli huachana na mahali ilipozaliwa, huingia kwenye damu, huelea. Saa hizo inatakiwa ife kwa kukosa kwao, na nyingi hufa. Inayopona ni ile iliyopata njia ya kujilisha bila amri ya sakafu, kama zile zilizotiwa ErbB2. Chumba changu cha kioo, ambacho nilikuwa nimeanza kukidharau, kinafanana na mkondo wa damu kuliko sahani inavyofanana nao. Tatizo halikuwa chumba. Tatizo ni mimi kudai kwamba kimenipa pumzi ya titi.

Na kuna sehemu ya makala ile ya 2009 niliyoipitia mara tatu. Walipozipa seli zinazoelea viondoa sumu vya kutuliza molekuli haribifu za oksijeni, ATP ilipanda. Zilisaidiwa kuishi mahali ambapo hazikupaswa kuishi. Mwaka 2015 kundi la Sean Morrison likaonyesha jambo la familia hiyo kwa panya waliopandikizwa melanoma ya binadamu, aina ya saratani ya ngozi: seli zinazosafiri kwenye damu huteswa na oksijeni haribifu, na panya waliopewa kiondoa sumu walipata uvimbe mwingi zaidi mbali na chanzo.

Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya titi. Miaka miwili mfululizo, kila nikirudi nyumbani, nilimpelekea vidonge vya viondoa sumu nilivyonunua kwenye duka la dawa huku, kwa mapenzi yote. Panya si watu, na kisima cha plastiki si mama mdogo. Sina ushahidi kwamba nilimdhuru, na yeye yu mzima, anauza vitenge. Lakini nilimpigia simu.

"Mama, vile vidonge niache kukuletea kwanza. Nenda ukamuulize daktari wako."

"Vina ubaya?"

"Sijui, mama. Nilidhani najua."

Alinyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Niletee viatu badala yake."

Shanga

Mwaka 1967 Anton van Wezel, mtafiti wa Uholanzi, alipata njia ya kuotesha seli zinazohitaji sakafu ndani ya tangi linalokorogwa. Alizipa sakafu inayoelea: shanga ndogo mno, seli zikizishika pande zote. Baadaye chanjo ya polio ikatengenezwa hivyo, kwa seli za Vero zilizotokana na figo ya tumbili wa Afrika na kuanza kuoteshwa Chiba, Japani, mwaka 1962.

Seli iliyoshika, ndani ya maji yanayozunguka. Nilipoliona hilo niliona aibu kwa wiki zilizopotea.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza sumaku ilizisaga shanga zikawa unga. Mara ya pili nilipunguza mwendo, na mstari wa bluu uliteremka kwa mwinuko ulio kati ya pumzi zangu mbili, ukikaribia zaidi ile ya sahani. Jaribio moja lililofaulu halibebi dai lolote, na mwendo mdogo una matatizo yake ya kuchanganya oksijeni. Shanga nyingine nimeshaziloweka.

Wakati nazisubiri nilifungua sura ya tatu ya tasnifu. Kwenye jedwali la vipimo vyote vya oksijeni, miaka mitatu ya kazi, nimeongeza safu mpya: *zilikuwa zimeshika nini, na tangu saa ngapi*. Nimerudi kwenye daftari moja baada ya jingine nikiijaza. Jana nilifika mwisho. Visanduku kumi na vinne viko wazi, kwa sababu siku hizo niliandika "seli zilivunwa" nikaendelea, na hakuna popote ninapoweza kwenda kuuliza.